SAA ILIYO NDANI YA UBONGO
Somo la darsa: kwa nini aliyekesha kazini hapati usingizi wa mchana



Somo letu la safari hii ni juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu anacho kichwani mwake wala hakioni, nacho ni saa. Sisemi saa ya mkononi wala ya ukutani. Nasema saa iliyoumbwa ndani ya ubongo, ambayo ndiyo iziamrishayo tezi za mwili zitoe homoni zake, kila moja kwa wakati wake. Na sababu ya kuliandika somo hili ni kosa nililolitenda mimi mwenyewe. Nililitenda mbele ya watu, basi ni haki nilikiri mbele ya watu.

KISA CHA DARSA YA GATUANYAGA

Wenzetu wengi wa pwani wamehamia bara kwa kutafuta riziki, na baadhi yao wanakaa Gatuanyaga, nje kidogo ya mji wa Thika, kwa njia ya kuendea Garissa. Thika ni mji wa viwanda, na viwanda vingi havilali. Mashine zaenda mchana na usiku, na wafanya kazi hupokezana kwa zamu. Huko Gatuanyaga kikundi chetu kidogo hukutana kila Jumapili saa 3 asubuhi, tukasoma mpaka adhuhuri ikikaribia.

Miongoni mwa wanafunzi alikuwako kijana mmoja wa kwetu pwani, mwenye mke na mtoto, afanyaye zamu ya usiku kiwandani. Kila nikianza kusomesha, yeye husinzia. Kidevu chaanguka kifuani, huamka kwa kushtuka, kisha husinzia tena. Siku moja nilikasirika. Nikamwambia mbele ya wenziwe kwamba apendaye ilimu hailalii, na kwamba uvivu ni maradhi yasiyo na dawa ila mtu kuona haya. Watu wakacheka. Yeye hakujibu neno. Alingoja mpaka darsa ikaisha, akaja kwangu peke yake, akasema:

"Maalim, niwie radhi. Lakini nina swali. Natoka kazini saa 12 asubuhi, nimechoka kama maiti. Nafika nyumbani, nalala. Ikifika saa 5 au saa 6 za mchana macho yamekodoka, usingizi umekatika, wala haurudi. Usiku nikisimama kwenye mashine, ikifika saa 10 miguu yaniisha nguvu na macho yafumba yenyewe. Juzi mkono wangu ulikaribia kuingia ndani ya mashine. Na tabibu ameniambia sukari yangu ya damu imeanza kupanda. Mama mkwe asema mimi mvivu, nawe leo umesema vivyo hivyo. Ikiwa ni uvivu, mbona mchana nautafuta usingizi nisiupate?"

Sikuwa na jawabu. Nilimwambia, "Mwanangu, nipe muda." Kisha nikaenda kwa tabibu mmoja rafiki yangu, akanieleza na kunipa vitabu, nikasoma kama mwanafunzi wa chuoni asomavyo. Haya yafuatayo ndiyo niliyoyafahamu.

HOMONI NI NINI, NA HUTOKA NYAKATI GANI

Yatupasa tuanze na neno lenyewe. Homoni ni kitu ambacho tezi za mwili hukitengeneza na kukimimina katika damu, na damu hukichukua hadi viungo vilivyo mbali. Mfano wake ni mbiu ya mgambo. Mpiga mbiu hupita mjini na pembe yake, na kila asikiaye hujua limpasalo. Mpiga mbiu mwenyewe hajengi wala halimi. Kazi yake ni kuarifu. Na homoni ndivyo zilivyo: huviarifu viungo, na viungo ndivyo vitendavyo.

Basi fahamu kwamba mbiu hizi hazipigwi ovyo. Zina nyakati zake katika usiku na mchana. Homoni ni nyingi, lakini kwa somo letu tutazame nne tu.

Ya kwanza ni melatonini. Hutoka katika tezi pineali, ambayo ni tezi ndogo sana iliyo ndani ya kichwa, katikati. Aliyeipata na kuipa jina ni Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 1958, alipoitoa katika tezi za ng'ombe. Kwa mtu alalaye usiku, melatonini huanza kupanda kiasi cha saa 2 au saa 3 za usiku, hufika kileleni kati ya saa 8 na saa 10, kisha hushuka kunapopambazuka. Mchana huwa ni kidogo mno katika damu. Kazi yake ni kuuarifu mwili mzima kwamba usiku umeingia.

Ya pili ni kortisoli. Hii hutoka katika tezi adrenali, nazo ni mbili, zimekaa juu ya mafigo mithili ya kofia. Kortisoli huutayarisha mwili kwa kazi: hutoa sukari iliyowekwa akiba, na huusaidia moyo na mishipa ya damu kuukabili mchana. Karibu na saa 6 ya usiku huwa chini kabisa. Katika saa za mwisho za usiku huanza kupanda, na hufika juu kiasi cha saa 12 hadi saa 2 za asubuhi. Ewe msomaji, liangalie jambo hili vizuri. Mwili haungoji mtu aamke ndipo utengeneze. Huanza kutengeneza angali usingizini. Kama hapakuwa na saa ndani, mwili ungalijuaje kwamba asubuhi iko njiani?

Ya tatu ni homoni ya ukuaji, itokayo katika tezi pituitari, chini ya ubongo. Kwa watoto hurefusha mifupa, na kwa watu wazima husaidia kutengeneza palipochakaa. Hii hutoka kwa wingi mtu aingiapo katika usingizi mzito wa mwanzo, nayo huufuata usingizi zaidi kuliko inavyoifuata saa. Tofauti hii tuiweke akilini, kwani tutaihitaji mbele.

Ya nne ni insulini, itokayo katika kongosho. Kazi yake ni kuitoa sukari katika damu na kuiingiza katika viungo. Nayo ina nyakati zake za nguvu na za udhaifu. Chakula kile kile, kwa kiasi kile kile, kikiliwa usiku hupandisha sukari ya damu zaidi kuliko kikiliwa asubuhi.

SAA YENYEWE IKO WAPI

Mishipa miwili ya kuonea, mmoja wa kila jicho, hukutana na kupishana chini ya ubongo. Juu kidogo ya makutano hayo, katika sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, pana viini viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto. Kila kimoja ni kidogo kuliko punje ya mchele. Wataalamu wameviita viini vya suprakiazimati, maana yake "vilivyo juu ya makutano". Kwa panya, ambaye ndiye aliyechunguzwa zaidi, viini vyote viwili pamoja vina seli kiasi cha 20,000 tu. Hiyo ndiyo saa.

Pengine mtu atauliza: yamejulikanaje haya? Jawabu ni kwamba yamejulikana kwa kujaribu, si kwa kudhani. Mwaka 1972 Robert Moore na Victor Eichler, huko Chicago, waliviharibu viini hivyo katika bongo za panya, kisha wakaipima homoni ya tezi adrenali ambayo kwa panya hufanya kazi ya kortisoli. Waliona kwamba ule mpando na mshuko wa kila siku umepotea. Mwaka huo huo Friedrich Stephan na Irving Zucker, huko California, walifanya vivyo hivyo, wakaona panya wao hawana tena wakati maalumu wa kunywa maji wala wa kukimbia.

Lakini kuharibu kitu hakutoshi kuwa ushahidi kwamba hicho ndicho saa. Mtu akikata kamba ya kengele, kengele haitalia, wala kamba siyo iliyokuwa ikijua wakati. Ushahidi wa kutosha ulikuja mwaka 1990, kwa Martin Ralph na wenziwe, Marekani. Wao walikuwa na hamsta, mnyama wa jamii ya panya, waliozaliwa na saa mbovu: siku yao ya ndani ilikuwa ya saa 20 hivi badala ya 24. Wakavitoa viini vya suprakiazimati katika mnyama wa namna moja na kumtia mnyama wa namna nyingine ambaye vyake vimeharibiwa. Yule aliyepandikizwa akaanza kuishi kwa majira ya yule aliyetolewa viini. Yaani saa ilihama pamoja na nyama yake. Baada ya hapo hapakubaki shaka.

Na ndani ya seli saa huendaje? Jeni huamrisha protini itengenezwe. Protini ikisha kuwa nyingi, huirudia ile jeni na kuizuia. Kisha protini huharibika kidogo kidogo, kizuizi huondoka, na jeni huanza upya. Mzunguko mmoja wa namna hii huchukua kiasi cha siku moja. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kuyafunua haya katika nzi wadogo wa matunda. Na imejulikana kwamba saa kama hizi zimo pia katika ini, kongosho, moyo na viungo vinginevyo; lakini saa ya ubongoni ndiyo kubwa, na hizo nyingine huifuata.

AMRI HUPITA NJIA GANI

Saa hii huzifikia tezi kwa njia mbalimbali, nasi tutataja mbili.

Njia ya melatonini ni ndefu kwa namna ya ajabu. Tezi pineali iko kichwani, na saa iko kichwani, lakini amri haiendi moja kwa moja. Hutoka katika saa, ikapita sehemu nyingine ya haipothalamasi, ikateremka katika uti wa mgongo, ikatoka kifuani, ikapanda shingoni kwa mishipa ya fahamu, ndipo ikarudi kichwani hadi kwenye tezi. Kwa hiyo mtu aliyeumia uti wa mgongo wa shingoni, amri ikakatika njiani, huweza kukosa melatonini ya usiku ijapokuwa kichwa chake ni kizima.

Njia ya kortisoli hupita katika damu. Saa huiarifu haipothalamasi, nayo hutoa homoni ya kuiamsha pituitari. Pituitari hutoa homoni yake, nayo husafiri katika damu hadi juu ya mafigo, na huko tezi adrenali hutoa kortisoli. Ni kama amri itokayo kwa liwali kwenda kwa mudiri, na kwa mudiri kwenda kwa mzee wa mtaa.

NURU NDIYO IITIAYO SAA MAJIRA

Hakuna saa isiyokosea. Mwaka 1999 Charles Czeisler na wenziwe, huko Boston, waliwaweka watu mahali wasipoona jua wala saa, wakapima homoni zao na joto la miili yao. Walikuta kwamba siku ya ndani ya mwanaadamu ni saa 24 na dakika 11 kwa wastani. Dakika 11 ni kidogo, lakini kila siku zikizidi, kwa siku kumi huwa karibu saa mbili. Lau saa hii ingeachwa bila kurekebishwa, baada ya miezi michache mtu angeona usingizi adhuhuri na kuamka usiku wa manane. Na hivyo ndivyo yawatokeavyo baadhi ya vipofu wasioingiwa na nuru kabisa.

Kinachoirekebisha ni nuru ya macho. Ndani ya jicho, pamoja na zile seli za kuonea, zimo seli nyingine chache ambazo kazi yake kubwa ni kuipima nuru na kuiarifu saa, khasa nuru ya rangi ya buluu kama ya mbingu ya mchana. Kwa sababu hiyo wako vipofu ambao hawaoni kitu, lakini seli hizo ni zima, na nuru huendelea kuitia saa yao majira. Jambo hili lilidhihirishwa mwaka 1995. Tena mwaka 1980 Alfred Lewy na wenziwe walikuwa wameonesha kwamba nuru kali ikimulikwa machoni usiku, melatonini hushuka pale pale.

Na athari ya nuru hutegemea wakati wake. Nuru ya mwanzo wa usiku huichelewesha saa. Nuru ya mwisho wa usiku na ya asubuhi huivuta mbele. Nuru ya adhuhuri haiigeuzi sana.

Sisi Waswahili tungepaswa kulifahamu jambo hili upesi kuliko wengine, kwani saa yetu ndivyo ilivyo. Wazungu huanza kuhesabu siku usiku wa manane, wakati hapana alama yoyote mbinguni. Sisi huanza jua likichomoza, na saa ya kwanza ikipita twasema saa 1. Jambo hili lawezekana kwa sababu nchi yetu i karibu na Ikweta. Mombasa, tofauti ya mchana mrefu wa mwaka na mchana mfupi ni kiasi cha nusu saa. Na Gatuanyaga, iliyo karibu zaidi na Ikweta, haifiki hata dakika kumi. Mtu aliyesimama huko akalitazama jua likipanda upande wa Kilimambogo ataliona karibu kwa saa ile ile mwaka mzima. Basi saa ya Kiswahili huanza upya kwa jua la kila siku, na saa ya ubongoni nayo hurekebishwa kwa jua la kila siku.

JAWABU LA SWALI LA KIJANA

Sasa turejee kwa yule kijana. Atoka kazini saa 12 asubuhi. Njiani jua lamwangaza usoni, na nuru hiyo yaiambia saa yake: asubuhi imefika, kaa pale pale ulipo. Kwa hiyo, ijapokuwa yeye amebadilisha kazi yake kuwa ya usiku, saa yake haikubadilika. Kila siku jua laithibitisha kuwa ni saa ya mtu wa mchana.

Afika nyumbani na kujilaza. Uchovu wake ni mwingi, na kwa uchovu huo hushikwa na usingizi, na homoni yake ya ukuaji hutoka, kwani tumesema hiyo huufuata usingizi. Lakini melatonini imekwisha kushuka, kortisoli iko juu, na joto la mwili lapanda. Mbiu zote zasema "amka". Uchovu ukipungua kidogo tu, mbiu hushinda, naye huamka saa 5 au saa 6 wala hawezi kulala tena. Na usiku, saa 10, akiwa mbele ya mashine, melatonini imejaa, kortisoli ndiyo kwanza yaanza kupanda, na joto la mwili liko chini kabisa. Mbiu zote zasema "lala". Si moyo wake uliolegea. Anapigana na ubongo wake mwenyewe kwa zamu mbili: usiku aukataze usingizi, mchana aulazimishe.

Je, hatazoea? Wengi hudhani mtu akifanya kazi ya usiku kwa miaka atazoea. Tafiti za wafanya kazi wa usiku wa daima, zilizokusanywa na kupimwa pamoja mwaka 2008, zimeonesha kwamba ambao melatonini yao imegeuka kabisa ikafuata kazi ya usiku hawafiki 3 katika kila 100. Hao wengine wote, mwili umebaki mchana na kazi iko usiku.

Na sukari ya damu? Mwaka 2009 Frank Scheer na wenziwe, Boston, waliwaweka watu 10 katika ratiba iliyowageuza wakala na kulala kinyume cha saa yao. Sukari ya damu ilipanda kwa asilimia 6, na insulini kwa asilimia 22. Watatu kati ya wanane waliopimwa baada ya chakula, sukari yao ilipanda kama ya mtu aliye mlangoni mwa kisukari, na hali walikuwa wazima walipoingia. Haya yalitokea kwa siku chache. Basi fikiri ya miaka. Tena shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo Lyon, Ufaransa, liliitia kazi ya zamu za usiku mwaka 2007 katika mambo ambayo yaelekea kuleta saratani kwa mwanaadamu, na mwaka 2019 likathibitisha hukumu hiyo.

USHAHIDI WA MALALE

Afrika ya Mashariki ina ushahidi wake wa kale juu ya saa hii, nao ni wa huzuni. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, maradhi ya malale yaliingia Uganda, khasa Busoga na visiwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, yakaua watu wasiopungua laki mbili. Daktari Albert Cook na nduguye Jack waliyatambua katika hospitali ya Mengo mwaka 1901. Vijidudu vya malale, viletwavyo na mbung'o, huingia katika damu, na mwishowe huingia katika ubongo.

Jina la malale limewafanya watu wadhani kwamba mgonjwa hulala kupita kiasi. Wachunguzi wa zama zetu walipowapima wagonjwa usiku na mchana, waliona kwamba jumla ya usingizi wao haizidi sana ya mtu mzima wa afya. Kilichoharibika ni mpango wake: husinzia mchana, hukesha usiku, na mpando wa kortisoli na wa homoni nyinginezo huvurugika. Na mgonjwa akitibiwa akapona, mpango hurejea. Tazama basi: watu wangapi waliambiwa ni wavivu, siku za mwanzo za maradhi hayo, kumbe ni ubongo ulioguswa?

JE, WATU WOTE SAA ZAO NI SAWA?

La. Wako walalao mapema kwa tabia ya miili yao, na wako wakeshao. Vijana wa kiasi cha miaka kumi na minane huchelewa, na wazee huamka mapema. Wahadza wa kando ya ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, walichunguzwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2017. Watu wazima 33 walipimwa kwa siku 20, ikaonekana kwamba wakati ambao wote walikuwa wamelala pamoja ulikuwa dakika 18 tu kwa jumla. Wachunguzi waliona huenda hii ni faida kwa watu wakaao porini, kwani daima yuko aliye macho. Basi yeye aamkaye mapema asijione bora, wala asimdharau nduguye ambaye saa yake ni nyingine.

Na mwezi wa Ramadhani? Mwaka 2001 wachunguzi wa Paris waliwapima wanaume 10 waliofunga, wakaona kilele cha melatonini kimepungua, na wakati wa kupanda kwa kortisoli umesogea. Sababu yadhaniwa kuwa ni kugeuka kwa nyakati za kula na kulala. Kwa hiyo mwenye kisukari, au mwenye kutumia dawa kwa saa maalumu, amwone daktari wake kabla ya mwezi kuandama, wala asijipangie mwenyewe.

YATUPASAYO KUFANYA

Kwa afanyaye kazi ya usiku:

Kwanza, atokapo kazini ajikinge na jua la asubuhi kwa kofia pana au miwani ya giza, maadamu haendeshi chombo. Mwenye usingizi asiendeshe kabisa. Chumba chake kiwe na giza na utulivu. Pazia zito ni dawa isiyo na madhara.

Pili, alale kwa saa zile zile kila siku kwa kadiri awezavyo, na apate usingizi mfupi kabla ya kwenda kazini.

Tatu, ale chakula chake kikubwa mchana na kabla ya zamu, na kati ya saa 6 ya usiku na alfajiri ajizuie na sahani nzito. Uchunguzi wa mwaka 2021, wa watu 19 waliokaa katika mfano wa kazi ya usiku, ulionesha kwamba waliokula usiku sukari yao ilipanda, na waliokula mchana tu haikupanda.

Nne, amwambie daktari kwamba yeye ni mtu wa zamu ya usiku, kwani vipimo vya homoni na vya sukari hutazamwa kwa saa zake. Vidonge vya melatonini asinunue kwa kuambiwa na jirani.

Kwa sisi tulalao usiku: tutoke nje asubuhi tupate nuru, na usiku tupunguze taa na simu saa moja au mbili kabla ya kulala.

Kwa wenye viwanda: zamu zisigeuzwe ovyo, bali ziende mbele kwa utaratibu, kutoka asubuhi kwenda jioni, na kutoka jioni kwenda usiku, na kati yake mtu apewe siku za kupumzika. Mkono ukatikao saa 10 ya usiku haurudishwi kwa fidia.

Na kwa jamaa wa nyumbani: mume, mke au mtoto aliyelala mchana baada ya kukesha kazini, usingizi wake ni sawa na usingizi wako wa usiku wa manane. Redio ipunguzwe, watoto wakachezee kwingine, na wageni waambiwe warudi alasiri.

MWISHO

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kikundi kile kile cha Gatuanyaga, nikasema kwamba niliyemwita mvivu si mvivu, na kwamba aliyestahili kuona haya ni mimi, kwa kuwa nilihukumu kabla ya kuuliza. Nikamwomba radhi mbele ya wale waliocheka. Alinipa mkono akasema, "Maalim, yamekwisha." Kisha tukakubaliana kuihamisha darsa kutoka saa 3 asubuhi hadi saa 10 alasiri, baada ya yeye na wenziwe wa zamu kupata usingizi wao. Tangu hapo hajasinzia, naye ndiye aulizaye maswali kuliko wote.

Ndugu zangu, kila mmoja wetu ajiulize: ni nani nyumbani mwangu au mtaani mwangu ambaye nimemwita mvivu, nami sijamwuliza alilala saa ngapi? Wabillahi tawfiq.